Supamaketi imeleta fomu ya uendelevu: kiwanda kidogo cha maziwa kianzie wapi?

Swali: Nina kiwanda kidogo cha maziwa Baba Dogo, Nairobi. Tunapokea takriban lita 3,000 kwa siku kutoka Kiambu na Nyandarua. Nusu tunapakia freshi, nusu tunatengeneza yogati na mala. Mwezi uliopita supamaketi tunayoiuzia ilituletea fomu ya maswali 40 ya "uendelevu". Nilipoomba mkopo wa mtambo mpya wa kupoza, benki nayo ikauliza mambo hayohayo. Mhasibu wangu anasema ni mambo ya wazungu, yatapita. Mshauri mmoja anataka shilingi 850,000 anitengenezee ripoti. Je, kuna faida ya kweli kwa biashara kama yangu, au ni kodi nyingine kwa jina jipya?

Jibu: Dada, ripoti ya 850,000 usiinunue kwa sasa, na fomu usiitupe. Mhasibu wako ana haki ya kuchoka na makaratasi, ila kwa hili amekosea. Halipiti.

Fomu hiyo imeshuka ngazi kadhaa kabla ya kukufikia. Oktoba 2021 Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo unaozitaka benki zipime hatari za tabianchi katika shughuli zao, mikopo ikiwemo. Ndiyo maana afisa wa mikopo anakuuliza habari za maji na kuni. Novemba mwaka huohuo Soko la Hisa la Nairobi likatoa mwongozo wake kwa kampuni zilizoorodheshwa. Juni 2023 vikaja viwango viwili vya kimataifa vya kuripoti uendelevu, IFRS S1 na IFRS S2, na ratiba ya Kenya kuvifuata imepangwa na ICPAK, chama cha wahasibu wenyewe: taasisi zenye maslahi ya umma kuanzia Januari 2027, kampuni nyingine kubwa 2028, biashara ndogo na za kati 2029. Mwulize mhasibu wako kama husoma barua za chama chake. Supamaketi nayo, sehemu kubwa ya gesi joto inazopaswa kuhesabu haitoki kwenye taa za duka. Imo ndani ya bidhaa zilizopangwa rafuni. Haiwezi kukamilisha hesabu yake bila yako, na asiyeleta hesabu huwekewa makadirio ya jumla, hata kama hali yake halisi ni nzuri kuliko makadirio.

Hiyo ni sababu ya nje. Ya ndani ina pesa zaidi, na ndiyo ningeifuata hata kama fomu isingekuja.

Maswali mengi ya aina hii yametungwa kwa kufikiria Ulaya, kwa hiyo huanza na stima: taa za LED, sola, asilimia ya umeme safi. Hapa kwetu karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Kupunguza stima Nairobi ni kupunguza bili, na bili ni sababu tosha, lakini hewa ukaa ya kiwanda chako haiko huko. Iko kwenye maziwa yanayopotea, kwenye gesi ya mitambo ya kupoza, kwenye moto wa boila, kisha kwenye vifungashio. Maji yanagusa zote nne.

Anza na maziwa, kwa sababu ndiko kwenye uzito kuliko wenye viwanda wengi wanavyodhani. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilikadiria mwaka 2010 kwamba kilo moja ya maziwa, kwa wastani wa dunia, hubeba kilo 2.4 za gesi joto kuanzia malisho na tumbo la ng'ombe hadi rafuni. Kwa Afrika kusini mwa Sahara wastani ulifika 7.5, kwa kuwa ng'ombe wengi hutoa maziwa kidogo huku wakila na kucheua vilevile. Chukua hata ile ndogo, 2.4. Ukipoteza asilimia 3 ya lita 3,000, hizo ni lita 90 kwa siku, zaidi ya kilo 216 za gesi joto zilizotengenezwa bure. Boila inayochoma lita 50 za dizeli kwa siku hutoa kilo 134, kwa kuwa lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.68. Kwa hiyo maziwa yaliyomwagika yana uzito kuliko moto wote wa kiwanda. Na kwa bei ya shilingi 50 kwa lita langoni, ni shilingi 4,500 kila siku, 135,000 kwa mwezi.

Utajuaje kama unapoteza asilimia 3 au 6? Pima kinachoingia kwa mizani, si kwa kijiti cha tangi, kisha jumlisha lita zilizotoka zikiwa zimepakiwa. Fanya hivyo kila siku kwa wiki nne. Tofauti ndiyo hasara yako, na kwa kawaida huwa imejificha mahali pachache.

Pa kwanza ni mashine ya kupakia. Mililita 500 za maziwa zina uzito wa takriban gramu 515. Kila saa chukua pakiti 20, toa uzito wa pakiti tupu, andika wastani na pia ile nyepesi na ile nzito kabisa. Ukikuta wastani ni 527, unagawa gramu 12 kwa kila pakiti. Kwa pakiti 3,000 za freshi kwa siku hizo ni lita 35. Hakuna anayeziona kwa sababu zinatoka mlangoni kihalali, zimebebwa na mteja. Mwendeshaji huweka kipimo juu kwa hofu ya maafisa wa vipimo, na hofu yake ina msingi: mashine yake haitulii, mara 512, mara 540. Kwa hiyo usimwamuru ashushe kipimo kesho asubuhi, maana nusu ya pakiti zitaanguka chini ya mililita 500 na utakuwa na kesi. Kwanza tuliza mashine. Tangi dogo linaloilisha liwe na boya la kushika kina kimoja, kwa sababu kina kikishuka shinikizo hubadilika na ujazo unabadilika nao. Badilisha sili za pistoni zilizochakaa. Tofauti kati ya nyepesi na nzito ikishafika gramu 5 au 6, ndipo ushushe wastani hadi 518.

Pa pili ni mabomba. Bomba la inchi moja na nusu hubeba takriban lita moja kwa kila mita. Kama kutoka tangi hadi mashine ni mita 25, kila mnapobadilisha bidhaa au kufunga kazi lita 25 hubaki ndani, na anayeosha huzisukuma hadi kwenye mfereji. Mabomba yainamishwe sentimita moja kwa kila mita ili yajimwage yenyewe, na ya mwisho yasukumwe kwa maji safi huku mtu akitazama kwenye kioo cha bomba na kukata pale rangi inapoanza kufifia. Yogati ni nzito, hushika kuta za tangi. Ipe dakika kumi ishuke, kisha ikwanguliwe kwa mpira ulioshatakaswa, kabla ya tone la maji kuingia.

Pa tatu huonekana kama bahati mbaya: yogati iliyokataa kuganda. Umepasha nyuzi 85 kwa dakika 30, umepoza hadi 43, umetia kimelea (bakteria wa kugandisha), na baada ya saa sita bado ni uji. Mara nyingi watu hulaumu kimelea. Kabla hujamlaumu aliyekuuzia, pima maziwa kwa vijiti vya kutambua antibiotiki. Ng'ombe mmoja aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele na kukamuliwa kabla ya siku za kusubiri kwisha anaweza kuharibu tangi zima, kwa sababu dawa iliyoua bakteria wa ugonjwa inaua pia bakteria wa yogati. Kupasha hakuiondoi. Pima sampuli ya kila kituo cha ukusanyaji kabla ya kuchanganya, na hifadhi sampuli ya kila mkebe kwenye friji hadi kundi la siku hiyo ligande. Bila sampuli hiyo huna wa kumrudia.

Kinachobaki ni marejesho ya dukani, na hayo ni suala la mkataba na joto la gari kuliko la kiwanda.

Maziwa yaliyoshindikana kuokolewa yasiende kwenye mfereji. Lita moja ya maziwa ina mahitaji ya oksijeni, yaani oksijeni inayotumika ikioza majini, ya takriban gramu 100. Mtu mmoja kwa siku nzima huchangia gramu 50 hadi 60 kwenye majitaka. Lita zako 90 ni sawa na kuongeza mtaa wa watu wapatao 160 kwenye bomba lako. Mwosho wa kwanza, ule mweupe, ukusanye kwenye mikebe. Wafugaji wa nguruwe wa Kikuyu na Ruiru huchukua maziwa ya namna hiyo. Hilo pekee huondoa sehemu kubwa ya mzigo kwenye majitaka yako kabla hujafikiria mtambo wa kuyasafisha.

Sasa gesi ya kupoza, na hapa ndipo fomu nyingi hujazwa uongo bila mtu kujua. Angalia kibandiko cha kompresa yako. Kama kimeandikwa R404A, kila kilo inayovuja hupasha dunia sawa na kilo 3,922 za hewa ukaa. R22 ni 1,810. Fundi akija kuongeza kilo 4 za R404A, umeachia tani 15.7 hewani, sawa na kuchoma lita 5,850 za dizeli. Na hakuna moshi wala harufu ya kukushtua.

Mtambo wa kupoza hautumii gesi jinsi gari linavyotumia mafuta. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, pana tundu. Kwa hiyo fundi "anayeongeza gesi" kila miezi mitatu hajakutengenezea kitu, amekuuzia gesi. Mwambie kabla ya kujaza atafute palipovuja: doa la mafuta kwenye viungo, povu la sabuni, na pasipoonekana ajaze naitrojeni aangalie kama shinikizo linashuka. Sehemu za kwanza kutazama ni viungo vya kukaza kwa mkono, vifuniko vya valvu za huduma (huwa vimepotea), na bomba linalotetemeka karibu na kompresa. Weka daftari ukutani: tarehe, aina ya gesi, kilo zilizotolewa, kilo zilizotiwa, palipozibwa. Daftari hilo linajibu maswali kadhaa ya fomu yako kwa ukurasa mmoja.

Hapohapo angalia kondensa, ile redieta ya nje. Ikiwa imejaa vumbi la Baba Dogo au imefungwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, joto la gesi hupanda, na kila nyuzi moja inayopanda huongeza stima ya kompresa kwa asilimia 2 hadi 3. Ioshwe kila mwezi kwa maji ya shinikizo dogo, kufuata mkondo wa mapezi yasije yakapinda.

Kuhusu mtambo mpya unaoombea mkopo: usikubali R404A kwa sababu ni nafuu leo. Kenya imeridhia Marekebisho ya Kigali ya mkataba wa Montreal; kwa kundi la nchi tulimo, matumizi ya gesi za jamii hiyo yaligandishwa mwaka 2024 na yanapaswa kushuka kwa asilimia 10 ifikapo 2029. Mtambo unaishi miaka 15. Utakuwa unanunua gesi inayoadimika kwa muda wake mwingi. Omba bei ya mtambo wa R290, yaani propani, ambayo kiwango chake cha kupasha dunia ni takriban 3. Inawaka, kwa hiyo ukae nje au penye hewa ya kutosha, mbali na swichi zinazotoa cheche, na fundi awe amefunzwa gesi hiyo. Kama hupati fundi wa namna hiyo karibu, chukua gesi ya kati, bora tu iwe chini ya 1,500.

Boila. Kwa freshi unatumia mtambo wa sahani, ambamo maziwa ya moto yanayotoka huyapasha ya baridi yanayoingia. Una jaribio la dakika mbili: pima joto la maziwa yakitoka sehemu ya kubadilishana, kabla ya kukutana na maji moto. Yakiingia kwa nyuzi 4 na mwisho wake ni 72, mtambo usio na hitilafu unapaswa kuyafikisha 60 au 62 bila kugusa boila. Ukikuta 50, sahani zimeshika ukoko au gasketi zimechoka, na dizeli inafanya kazi ya sahani.

Kwa yogati ya tangi hakuna sahani, lakini kuna akiba kubwa zaidi inayomwagwa kila siku. Kupoza lita 1,500 kutoka 85 hadi 43 hutoa joto la kupasha lita 2,000 za maji kwa nyuzi 30, yaani kutoka 20 hadi 50. Kwa kawaida maji hayo hupita kwenye koti la tangi na kuelekea mferejini. Yaelekeze kwenye tangi lililofunikwa juu ya paa la chumba cha kuoshea: ndiyo maji yako ya kuoshea kreti, sakafu na mwosho wa kwanza wa mitambo. Umeokoa kama lita 9 za dizeli na boza zima la maji kila baada ya siku chache. Bomba, pampu ndogo na tangi la plastiki linalostahimili joto, si teknolojia.

Mabomba ya mvuke yaliyo uchi ni aibu ya viwanda vingi. Mita moja ya bomba la inchi 2 lenye mvuke wa bar 7, nyuzi 170, hupoteza zaidi ya wati 300. Mita kumi kwa saa kumi ni uniti (kilowati-saa) 30 za joto, karibu lita 4 za dizeli kwa siku. Sufi ya mawe ya milimita 50 na bati juu yake huzuia zaidi ya asilimia 85 ya hasara hiyo. Usisahau valvu na flanji, maana fundi hupenda kufunga bomba lililonyooka na kuacha valvu wazi. Na maji ya mvuke uliopoa yarudishwe kwenye tangi la boila: kila nyuzi 6 unazoongeza kwenye maji yanayoingia hupunguza mafuta kwa takriban asilimia 1.

Kama unachoma kuni, swali la kwanza ni unyevu. Kilo ya kuni kavu hutoa kama uniti 4 za joto. Mbichi hutoa nusu ya hapo, kwa sababu karibu nusu ya uzito wake ni maji, na sehemu ya moto inapotea kuyachemsha. Nunua miezi sita mapema, pasua, weka chini ya banda lenye upepo. Swali la pili ni karatasi: kibali cha usafirishaji na mti umetoka shamba gani. Wenye boila za kuni hawajasahau bei ilivyopanda baada ya marufuku ya kuvuna misitu ya serikali ya Februari 2018.

Maji ninapita haraka. Weka mita kwenye bomba kuu na nyingine ya chumba cha kuoshea. Gawanya maji kwa maziwa. Lita 2 za maji kwa lita ya maziwa ni lengo linalofikika. Ukizidi 4, tafuta mpira wa kuoshea uliolala sakafuni ukitiririka, kwa kuwa hutoa lita 20 au zaidi kwa dakika. Bastola ya kujifunga yenyewe kwenye mdomo wa mpira ndicho kifaa chenye faida ya haraka kuliko vyote nilivyotaja. Mgao wa maji wa Januari 2017, bwawa la Ndakaini lilipopungua, uliwafundisha wengi bei ya boza.

Vifungashio vina sheria. Tangu 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku, hilo unalijua. Usilolijua pengine ni kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na kanuni za wajibu wa mzalishaji za 2024, zinamgusa pia anayejaza bidhaa kwenye kifungashio chini ya nembo yake, hata kama hakukitengeneza. Huyo ni wewe. Unatakiwa usajiliwe NEMA, mamlaka ya mazingira, na ujiunge na shirika la wazalishaji linalogharamia ukusanyaji, au uwe na mpango wako mwenyewe. Supamaketi itaomba namba ya usajili, na kuliko maswali mengine hili ndilo linaloweza kukutoa rafuni.

Ukichagua kifungashio, uliza nani Nairobi atakinunua kikishakuwa taka. Chupa ya plastiki aina ya PET isiyo na rangi ina soko. HDPE ya chupa na madumu ina soko. Kikombe cha PP kina soko dogo. Pakiti ya tabaka za plastiki mbalimbali zilizogandishwa pamoja, au kikombe cha polistirini, huishia jalalani Dandora. Usidanganywe na muuzaji wa plastiki "inayooza": nyingi humeguka vipande vidogo tu. Na usichapishe "rafiki wa mazingira" kwenye pakiti bila ushahidi mkononi, maana Sheria ya Ushindani inakataza madai ya kumpotosha mnunuzi.

Sola? Ni uamuzi wa bili na wa kukatika kwa stima, ufanye mwisho. Kilowati 10 za paneli Nairobi hutoa wastani wa uniti 40 kwa siku, pungufu Julai na Agosti kwa ajili ya mawingu. Kwanza ziba hasara ili usinunue paneli za kulisha kompresa chafu. Kanuni za nishati za 2012 ziliufanya ukaguzi rasmi wa nishati kuwa lazima kwa anayetumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka. Jumlisha bili zako 12 uone. Kama bili ina mstari wa kVA, tazama pia pawa fakta, yaani sehemu ya stima unayovuta inayofanya kazi kweli: mzigo wa kilowati 90 kwa 0.78 unatozwa kama kVA 115, na kwa 0.95 ni 95. Kapasita za kurekebisha hilo si ghali.

Lakini hatari kubwa ya biashara yako haimo kiwandani. Iko Nyandarua. Ukame wa 2017 ulipunguza maziwa na kupandisha bei kiasi cha serikali kuruhusu unga wa maziwa kuingia bila ushuru. Mkulima asiye na nyasi za akiba hukuuzia lita 12 mwezi wa Mei na lita 4 mwezi wa Februari, huku wewe ukilipa mkopo uleule. Kwa hiyo swali la fomu kuhusu wasambazaji lijibu kwa vitendo: andika ni wangapi wana silaji au marobota ya nyasi ya kutosha miezi mitatu, waliobaki wakopeshe mbegu au marobota kwa kukata kwenye malipo ya maziwa, na lipa nyongeza kwa ubora. Maziwa ya jioni nayo, yanayolala bila kupozwa hadi asubuhi, ndiyo mengi yanayokataliwa kwenye kipimo cha alkoholi, kile cha kugundua maziwa yaliyoanza kuchacha. Tangi dogo la kupozea kituoni linaokoa maziwa ambayo ng'ombe amekwisha kuyalipia kwa nyasi.

Kuhusu kujaza: jipe miezi mitatu na uiandikie supamaketi hivyo, kwa tarehe. Mwezi wa kwanza mita za maji, mizani, daftari la gesi, stakabadhi za dizeli na kuni. Wa pili usajili wa NEMA na uzito wa vifungashio kwa aina. Wa tatu hesabu: dizeli mara 2.68, kilo za gesi ya kupikia mara 3, gesi ya kupoza mara namba yake, stima kwa uniti. Pasipo na kipimo andika "tumeanza kupima Machi", usiandike "tumejitolea kulinda mazingira". Mkaguzi wa upande wa pili anatafuta namba, na sentensi ya pili humfanya atilie shaka hata zile ulizo nazo. Swali la miti mliyopanda, kama hamjapanda, ni sifuri. Sifuri haimnyimi mtu mkataba.

Benki upelekee karatasi mbili tu: hasara ya maziwa kabla na baada, na ulinganisho wa mtambo wa R404A na wa R290 kwa stima, gesi na matengenezo ya miaka kumi. Uliza waziwazi kama wana mkopo wa kijani na riba yake ni ngapi dhidi ya ule wa kawaida. Benki Kuu ilichapisha mwongozo wa kuainisha mikopo ya kijani mwaka 2025, kwa hiyo afisa hawezi kusema hajui unazungumzia nini. Tofauti ya riba ikiwa ndogo kuliko ada ya kuandaa maombi, chukua wa kawaida.

Na yule mshauri, mwite ukiwa na takwimu za miezi 12. Wakati huo kazi yake itakuwa kuhakiki namba badala ya kuzibuni, na bei ya kazi hiyo si 850,000.